Hesabu ya Nne ya Mwalimu Athumani

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la chuo. Lilikuwa koti zito la buluu lenye nembo mfukoni, limeshonwa kwa ajili ya asubuhi za baridi za Uganda, na mimi nikalivaa Nachingwea saa nne, jua limeshapanda na bati la ofisi limeanza kulia. Karani Mkuu, mzee wa Kimakua ambaye kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, alinitazama kuanzia viatu hadi nembo. "Bwana mdogo," akasema, "leo hapapigwi picha. Vua, kaa, kamata gundi."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu, kule Uganda. Wilaya nzima tulikuwa wawili tu, mimi na Josephat, mtoto wa mwalimu wa misheni, na wote wawili tulichukuliwa kazi ya likizo ndefu. Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani la Karanga. Ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeshakufa na matrekta yalikuwa yanaota kutu kwenye nyasi, lakini ghala bado lilinuka grisi na magunia. Ndani yake waliweka meza tatu, rafu za mbao, na kazi ambayo baadaye ikawa maisha yangu yote.

Siku hizi mnaiita elimu masafa, na mwanafunzi anaipata kwenye simu akiwa amelala kitandani. Wakati wetu iliitwa kozi ya posta. Ilikuwa ya walimu wa shule za vijijini, wale waliofundisha madarasa manne ya chini na ambao wenyewe hawakusoma mbali. Kila mwezi yalikuja mafungu kwa gari moshi kutoka Mtwara. Fungu ni kijitabu cha somo moja chenye maswali mwishoni. Sisi tuliyatia kwenye bahasha, tukaandika majina, na lori la Alhamisi likayapeleka Ruangwa na vijiji vyake. Mwalimu alisoma, akaandika majibu yake kwenye karatasi maalumu, akatia sahihi chini yake, akairudisha. Hapo ndipo tulipoingia sisi wasahihishaji na wino wetu mwekundu. Mafungu yalikuwa kumi na mawili, na aliyeyamaliza vizuri alipata cheti cha kumruhusu kufundisha darasa la tano.

Wino mwekundu ulikaa kwenye kabati la Karani Mkuu, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake. Kila asubuhi alitumiminia kidogo kwenye vichupa viwili. "Wino huu ni panga," alituambia. "Unaweza kufyekea njia, unaweza kumkata mtu." Tulimjibu "Ndiyo, mzee," na alipogeuka Josephat akaigiza mwendo wake.

Aliyekuwa juu yetu sote ni Bwana Elimu, Mwingereza mrefu aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alituita siku ya pili. "Walimu hawa," alisema, "hufundisha mchana kutwa, hulima, halafu husoma. Ninyi hulishwa ili msome. Mtawasahihisha kwa adabu." Tulisema ndiyo tena. Tulikuwa hodari sana wa kusema ndiyo.

Nataka niwaeleze kwa kweli tulivyowaona watu wale, maana hilo ndilo nililokaa kitako kuliandika. Kwetu sisi wa chuo kikuu, elimu ilikuwa mahali. Ilikuwa na lango, maktaba, na bwalo la chakula tulimofundishwa kula kwa uma. Mtu aliyekuwa hajapita lango lile hakuwa amesoma, hata akikesha juu ya vitabu. Josephat ndiye aliyewabandika jina la "wanachuo wa bahasha," na mimi nilicheka mpaka nikamwaga gundi. Karatasi zao zilikuja na madoa ya kahawia ya mafuta ya korosho, na moja ilikuja na alama ya mguu wa kuku katikati ya jiografia. Tulizisoma kwa sauti tukibadili sauti. Tulipokuta jibu zuri tuliulizana limeibwa wapi.

Nyani haoni kundule. Muhula uleule uliotangulia likizo ile, nilikuwa nimenakili insha nzima ya historia kutoka daftari la Josephat, nikageuza sentensi mbili tatu, na chini ya tamko la chuo lisemalo kazi hii ni yangu mwenyewe nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Sikusita hata kidogo.

Karatasi za kozi ya posta nazo zilikuwa na tamko kama lile. Na hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu Athumani.

Alikuwa mwalimu pekee wa shule ya kijiji kimoja upande wa Likunja. Alikuwa amefika fungu la kumi na moja, na nilipofungua karatasi zake jambo la kwanza nililoona ni kwamba mwandiko haukuwa mmoja. Swali la kwanza liliandikwa kwa herufi za kulala, la pili kwa herufi nene za mtu aliyezoea jembe, la tatu kwa mkono mwingine kabisa. Majibu yaliandikwa kwa unadhifu. Chini, mahali pa tamko, hakutia sahihi. Aliandika hivi: "Siwezi kusema ni kazi yangu mwenyewe maana sikuifanya peke yangu. Waliofanya kazi hii ni hawa." Yakafuata majina. Ndugu yake aliyesoma swali kwa sauti. Mwuza duka aliyebishana naye jibu la pili na akaliandika baada ya kushinda. Mzee Kanduru aliyekata vijiti. Watoto wa darasa la nne waliohesabu. Hata Bi Somoe, aliyewapikia, alikuwamo.

Sisi watu wa huku tunaijua desturi hiyo. Watu wakialikwa kulima shamba la mwenzao, jioni anayelimiwa huwataja wote waliokuja, mmoja mmoja, na aliyechota maji hutajwa sawa na aliyeshika jembe. Kumwacha mtu ni kumlia jasho lake. Mimi mwenyewe nimezaliwa Chunyu, nimelelewa na mjomba wangu katika kulima kwa namna hiyo, na nilitajwa nikiwa bado mdogo wa kubeba kibuyu tu. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri, na nilichofanya ni kuona aibu kwamba naelewa.

Nilimsomea Josephat orodha ile. Alipiga meza. "Hadi mpishi! Mpe cheti mpishi!" Nikachovya kalamu. Sikusahihisha swali hata moja. Nilipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Masomo si ngoma ya kijiji." Kisha nikajaza fomu ya kumwondoa kozini kwa udanganyifu.

Bwana Elimu aliisoma fomu yangu kwa muda mrefu. "Mtu huyu," alisema, "anatuambia mwenyewe kwamba alisaidiwa. Wadanganyifu hawana tabia hiyo." Akaendelea, "Kijiji chake kinaomba darasa la tano. Watoto wa kwao wakimaliza la nne hukaa nyumbani, maana shule yenye la tano iko mbali. Tumewaahidi: mwalimu wao akipata cheti, tutalifungua mwakani. Hatuna mwalimu mwingine wa kuwapa. Alhamisi panda lori, nenda, umkalishe peke yake, umwulize maswali yaleyale kwa mdomo. Akijibu, nitamruhusu."

Jumamosi ile palikuwa na dansi kwenye klabu, pale Nachingwea. Masika yalikuwa hayajaisha, na lori la Alhamisi likienda Ruangwa wakati wa tope lilirudi Jumatatu likijisikia kurudi. Nilikuwa na koti langu na nilikuwa na mtu wa kulionyesha.

"Hakuna haja, Bwana," nilisema. "Ushahidi umo ndani ya karatasi yenyewe. Sheria ni sheria."

Alinitazama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akatia sahihi. Alikuwa na wilaya mbili za kuangalia na nadhani aliamini kwamba kijana wa chuo kikuu anayesema ana hakika anayo. Karani Mkuu aliifunga bahasha mwenyewe. Siku ya pili alinimiminia wino nusu ya kawaida.

Dansi ilikuwa nzuri. Naona vibaya kulisema, lakini ilikuwa nzuri.

Likizo ya mwaka uliofuata nilipangiwa Ruangwa, chini ya Mwalimu Msimamizi, aliyekagua shule za vijiji kwa baiskeli. Alikuwa Mmwera mfupi mwenye kikohozi, na alijua jina la kila mwalimu na la mkewe. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha watoto waliopo katika kila shule: wangapi wanaume, wangapi wanawake, wangapi wamemaliza la nne wakakwama. "Utaanzia kwa Athumani," aliniambia. "Sina mwalimu kama yule. Mwaka jana walimkata kozi akiwa amebakiza fungu moja. Mpaka leo sijaambiwa sababu. Darasa la tano likafa hapo hapo."

Nilifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Nilimkuta Mwalimu Athumani uwanjani pa shule, mtu mwembamba wa makamo, shati lake limefifia lakini safi. Alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwambia mimi ni Yusufu Hassani, mwanachuo, nimekuja kuandikisha. Alifurahi hata akawaita jirani. "Ntu wa chuo kikuu!" aliwaambia. "Tena ntoto wa Chunyu, wa kwetu!" Tuliandikisha. Waliomaliza la nne na kubaki kijijini aliwaita kwa majina bila kutazama daftari. Binti yake Zuhura, wa miaka kumi na mmoja hivi, alikuwa mmoja wao. Alikuwa akipepeta ufuta karibu nasi, na baba yake alipotaja jina lake aliinua kichwa akakirudisha.

Wakatuandalia chakula, ugali wa muhogo na kuku mzima. Tulikuwa tumeanza kula Mwalimu Athumani alipotuma aletewe kopo la biskuti. Alilifungua kwa mkono wa kushoto, taratibu, akatoa karatasi. Niliuona mstari wangu mwekundu kabla hajaikunjua.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mimi niliyelingana na mwanawe, "nina shida moja. Nilikatwa kozi kwa karatasi hii. Sina ugomvi, wakubwa wanajua. Lakini aliyesahihisha hakunionyesha nilipokosea. Nimeisoma mwaka nzima. Wewe nsomi. Nionyeshe kosa, ili nisiendelee kuwafundisha watoto kosa."

Jirani zake walikuwapo. Mzee Kanduru mwenyewe alikuwapo, yule wa vijiti. Wote waliacha kula wakaningoja.

Niliyapitia majibu, mara ya kwanza tangu yaandikwe. Hayakuwa na kosa. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ni mimi, na hukukosea. Nilikuwa na tonge mkononi. Nilifikiri watakavyonitazama, nikafikiri habari itakavyofika Chunyu kwa mjomba wangu. Nikaangusha kidole kwenye hesabu ya nne.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Shamba lina urefu wa yadi mia na ishirini na upana wa yadi themanini. Mikorosho inapandwa kwa mistari, yadi kumi kutoka mti hadi mti, kuanzia mpaka hadi mpaka. Je, inahitajika mikorosho mingapi? Yeye alikuwa ameandika mia na kumi na saba.

"Hapa," nikasema. "Mia na ishirini gawanya kwa kumi ni kumi na mbili. Themanini gawanya kwa kumi ni nane. Kumi na mbili mara nane, tisini na sita." Nikachukua penseli yangu na kipande cha karatasi, nikamwandikia njia nzima kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mstari chini ya jibu.

Mzee Kanduru alikuwa wa kwanza kusema. "Lakini bwana, sisi tulipima uwanja, tukachomeka vijiti. Tukavihesabu."

"Watoto walihesabu mara tatu," akasema Mwalimu Athumani. "Kumi na tatu huku, tisa huku. Maana kijiti cha kwanza kinasimama kabla hujapiga hatua."

Huo ndio ukweli, na mtoto wa darasa la tatu anayepanda anaujua. Ukihesabu nafasi, unaukosa mti mmoja wa mwanzo kila upande. Alikuwa amepata. Nilimtazama usoni nikamwambia vijiti vinaweza kumdanganya mtu, na kwamba chuoni tunaifanya kwa kanuni.

Mwalimu Athumani alikitazama kipande cha karatasi nilichomwandikia. Alikiweka sambamba na ile karatasi yenye wino mwekundu, akaviangalia vyote viwili kwa muda, kisha akavikunja pamoja akavirudisha koponi. "Ahsante," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Kula, baba, kuku anapoa."

Nilikula.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza. Kwa desturi mgeni husindikizwa hadi mwisho wa mashamba, mkaagana. Yeye aliisukuma baiskeli yangu kupita mashamba, kupita mikorosho ya mwisho, hadi kwenye kijito, mwendo wa karibu saa nzima. Mara mbili alisimama kabisa, akanitazama, kisha tukaendelea. Nilidhani amechoka. Kwenye kijito aliushikilia usukani kidogo zaidi ya ilivyopasa, halafu akaniachia baiskeli yangu. "Haya," akasema. "Wasalimie Chunyu."

Basi, kutoka hapo maisha yangu ya kazi yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linalonikera. Nilimaliza chuo, nikarudi Nachingwea kuwa msaidizi wa Afisa Elimu, nikapelekwa Lindi, nikapelekwa Songea, na kila nilikopelekwa nilikabidhiwa masomo ya posta kwa sababu niliyajua. Nchi ikapata uhuru, fomu zikabadilishwa rangi, tamko likabaki. Nilipata sifa ya kuwa mkali wa udanganyifu. Wakubwa wangu walinitaja mikutanoni: mpeni Yusufu, huyo hapitwi. Niliwakamata watu waliodanganya kweli, na sijutii hao. Lakini hakuna karatasi hata moja niliyoipigia mstari bila kukumbuka kuku yule.

Mtauliza kwa nini sikurudi. Njia ilikuwapo na lori lilikuwapo. Miaka ya mwanzo nilijiambia bado mapema, nipate cheo kwanza ili msamaha wangu uwe na uzito. Miaka ya mwisho nikajiambia nimechelewa, atakuwa amesahau. Katikati sikumbuki kama palikuwa na mwaka hata mmoja uliofaa. Ndivyo mwoga anavyopanga kalenda.

Aliyenisukuma kuandika haya ni mjukuu wangu Tunu, ingawa yeye hajui. Yuko chuo kikuu, Dar es Salaam. Mwezi uliopita alikuja nyumbani, nikamwuliza habari za wenzake wanaosoma kwa masafa, walioko vijijini na kazini. Alicheka. "Ah, babu, wale wa masafa hamna kitu pale. Wanasaidiana tu mpaka wanamaliza." Alicheka cheko la Josephat, na kusema kweli lilikuwa langu pia. Nilitaka kumkemea nikakosa mahali pa kusimama.

Sasa niwaambie siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu, miaka mingi iliyopita. Iliandaliwa Nachingwea, jirani na ghala nilikoanzia kazi. Palikuwa na hotuba na pilau, na walinipa saa ya ukutani na kalamu nzuri ndani ya kijisanduku. Watu walipoanza kutawanyika alinijia mama mmoja, mtu mzima, aliyefunga kitenge kwa heshima na kushika mkoba. "Shikamoo," akasema. "Mimi ni Zuhura, binti wa Mwalimu Athumani."

Nilikaa chini. Alikaa na yeye.

Alinieleza bila haraka. Baba yake alikuwa amefariki, miaka sita ilikuwa imepita. Darasa la tano lilifunguliwa kijijini baada ya uhuru, yeye akiwa ameshaolewa. Alianza kusoma tena akiwa na watoto watatu, kwa kozi ya posta, akawa mwalimu katika shule ileile ya baba yake. "Jina lako nimelikuta mara nyingi kwenye fomu," alisema.

"Mama," nikasema, "ile karatasi ya baba yako..."

"Alijua," akasema Zuhura.

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Alijua siku ileile, ulipomwandikia ile tisini na sita. Wale watu waliandika karatasi moja kwa mikono minne, mzee wangu. Mwandiko wa mtu waliujua kama uso."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Najua sauti yangu haikutoka vizuri, maana watu wawili waligeuka.

"Mimi nilimwuliza hivyohivyo, nilikuwa na hasira. Akaniambia, 'Ntu hakosolewi na tonge nkononi. Akimaliza kula atasema nwenyewe.' Kisha ukamaliza, hukusema. Akasema labda unaona haya mbele za watu. Ndiyo maana akakusindikiza. Si alikufikisha kijitoni? Alikuwa anakungojea."

Nilikikumbuka kijito, na mkono wake juu ya usukani.

Zuhura alifungua mkoba akatoa karatasi. Ilikuwa imekuwa njano na mstari wangu ulikuwa umefifia ukawa rangi ya kutu. Mia na kumi na saba ilikuwa palepale, haijafutwa. Aliteremsha kidole hadi chini, kwenye majina ya waliofanya kazi. Baada ya Bi Somoe palikuwa na jina moja lililoongezwa, kwa mwandiko wa Mwalimu Athumani peke yake: "Na Yusufu Hassani, wa Chunyu. Alikuja."

Hakuandika zaidi ya hilo, maana nadhani hakupata lingine la kweli la kuandika.

Nililia, na sioni sababu ya kulificha. Nilipoweza kuona tena nilifungua kijisanduku, nikatoa ile kalamu ya kuagwa. Nilitaka nifanye kazi niliyoajiriwa kuifanya siku zote zile. Nilitaka niweke alama ya vema pembeni ya hesabu ya nne.

Zuhura aliivuta karatasi upande wake, polepole, bila kunikasirikia.

"Acha, mzee wangu," akasema. "Tazama vizuri." Pembeni ya ile mia na kumi na saba palikuwa na vema ndogo ya penseli, imechorwa na mkono wa mtoto. "Ule uwanja wa vijiti tuliupanda mikorosho. Ilipoota baba alituita tuihesabu. Vema niliiweka mimi."

Akaikunja karatasi, jina langu likiwa ndani, akairudisha mkobani.